Tabaka, Ghorofa na Ngazi: Uhakiki wa Istilahi za Upambaji wa Keki za Harusi

Miezi michache iliyopita tuliletewa muswada wa mafunzo ya upambaji wa keki za harusi, uliofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya wanafunzi wa chuo kimoja cha ufundi. Tuliombwa tuipitie lugha yake kabla haujapelekwa kwa mpiga chapa. Mfasiri wake ni mtu mwenye bidii, na sarufi yake haina dosari ya kutajwa. Hata hivyo, tulipompelekea muswada huo mama mmoja ambaye ameoka na kupamba keki za harusi kwa zaidi ya miaka 20, aliusoma ukurasa wa kwanza na wa pili, akauweka chini, akauliza: "Haya aliyaandika mtu aliyewahi kushika mwiko, au karani?" Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Yumkini baadhi ya wasomaji watasema kwamba keki ya harusi ni jambo dogo mno kulinganisha na kazi inayolikabili Baraza. Ni kweli kwamba vijitabu vya Tafsiri Sanifu vya miaka ya 1970 na 1980 vilianzia penye haja kubwa zaidi, yaani maofisini na mashuleni, na vilifanya vyema. Lakini hali ya leo si ya wakati ule. Upambaji wa keki ni kazi inayowalisha watu wengi mijini, aghalabu akina mama na vijana wanaooka majumbani mwao. Kamati za harusi huandika mihutasari kwa Kiswahili na kuagiza keki kwa Kiswahili. Maafisa wa afya huikagua kazi hiyo, na walimu wa ufundi huifundisha. Neno lenyewe la keki limekwisha zoeleka kiasi cha kuingia katika siasa, hata wananchi hudai sehemu yao ya keki ya taifa. Tena limeanza kuzaa maana mpya: katika sherehe nyingi za Tanzania mbuzi mzima wa kuokwa, yaani ndafu, huletwa mbele ya maharusi akatwe kama keki, na wako washereheshaji wanaomwita keki ya asili. Neno lililofika hapo halihitaji tena kuombewa kibali. Linalohitaji kuangaliwa ni jamaa zake.

Kosa kubwa la muswada ule, na la tafsiri nyingi za upishi tulizozisoma, ni kwamba mfasiri amefasiri maneno bila kuyaona matendo. Lugha ya ufundi wa Kiingereza, kama lugha ya ufundi wowote, huazima vitenzi vya maisha ya kila siku na kuvipa kazi maalumu. Mfasiri akikutana na kitenzi kile ambacho nje ya jiko humaanisha kukunja nguo, naye akaandika "kunja unga ndani ya mayai", mwanafunzi atabaki ameduwaa, kwa kuwa unga haukunjwi. Kinachotakiwa ni kuutia unga kidogo kidogo na kuupinduapindua kwa mwiko toka chini kuja juu, ili hewa iliyopigwa katika mayai isitoke. Kiswahili kinacho kitenzi hicho, nacho ni kupindua. Vivyo hivyo mfasiri ameandika "tia krimu siagi na sukari", hali hakuna krimu inayotiwa. Siagi na sukari huvurugwa pamoja mpaka zilainike na kuwa nyeupe. Mahali pengine palipotakiwa bekingi pauda ameandika "hamira". Hili si kosa la ufasaha tu. Hamira ni kiumbe hai kinachohitaji muda na joto ili kiumue kinyunya cha mkate au maandazi. Bekingi pauda ni mchanganyiko wa kemikali unaofanya kazi mara tu unapokutana na maji na moto. Anayefuata tafsiri ile atapoteza mayai yake na siku yake.

Hebu tuitazame na ile keki nyepesi ya mayai mengi, ambayo Kiingereza huifananisha na sifongo la kuogea. Muswada unaiita "keki ya sifongo". Waswahili wa Unguja na mwambao wamekuwa wakiioka keki hiyo tangu zamani, tena juu ya makaa, moto juu na moto chini, nao huiita mkate wa mayai. Jina hilo linaeleza kilichomo, ni fupi, na lina wenyewe. Sababu ya kulipita na kwenda kutafuta sifongo hatukuiona, isipokuwa ni ile tabia ya kudhani kwamba kitu kikija na kitabu cha Kiingereza basi hakikuwako kwetu. Kadhalika ile keki ya Waingereza ambayo kila kitu chake hupimwa sawa, unga, siagi, sukari na mayai, imeandikwa "keki ya pauni". Pauni kwetu ni fedha. Uzito ule una jina lake la zamani, ratili, na keki ya ratili lingekuwa jina zuri lenye kueleza asili ya kitu chenyewe, ingawa tunakiri kwamba vijana wengi watahitaji kuambiwa kwamba ratili ni kiasi cha gramu 454.

Sasa tufike penye shina la jambo. Muswada mzima, kuanzia mwanzo hadi mwisho, unatumia neno "tabaka" kwa vitu viwili tofauti, na mara mojamoja "ngazi" kwa vitu vilevile viwili. Kitu cha kwanza ni kile kipande kimoja cha keki kinacholazwa juu ya kingine, katikati yao pakapakwa krimu au jemu, mpaka vipande viwili au vitatu vikawa keki moja. Kitu cha pili ni keki kamili iliyokwisha pakwa na kupambwa, inayosimamishwa juu ya keki kamili nyingine iliyo pana zaidi. Kiingereza kina maneno mawili kwa vitu hivi, na kila mpambaji anayatofautisha. Sisi tunayo maneno zaidi ya mawili, lakini tumeyamwaga katika kapu moja.

Matokeo yake tuliyaona kwa macho yetu katika harusi ya jamaa yetu mmoja. Kamati iliandika katika muhtasari wake kwamba iagizwe "keki ya matabaka matatu". Mpishi, ambaye hakuwa na nia mbaya hata kidogo, alileta keki moja nzuri, ndefu kiasi cha shubiri moja, ambayo ndani yake ilikuwa na vipande vitatu vilivyopakwa krimu. Kamati ilikuwa ikitazamia keki tatu zilizopandana. Maneno yalipotokea, kila upande uliitoa karatasi yake, na karatasi zote mbili zilisema jambo lilelile. Mzee aliyeombwa kusuluhisha hakuweza kumlaumu mtu, kwani lugha yenyewe ndiyo iliyowaponza. Fedha ya salio haikulipwa mpaka leo, na watu wale, waliokuwa majirani, husalimiana kwa taabu.

Tunapendekeza hivi. Tabaka libaki kwa vile vipande vya ndani, kwa sababu maana yake ya asili ni kitu kilicholala juu ya kitu, kama matabaka ya udongo au ya mkeka. Ghorofa litumike kwa keki kamili iliyosimama juu ya nyingine. Neno hili watu wa mitaani wamekwisha anza kulitumia wenyewe, nalo linachukua wazo la jengo: kila ghorofa lina sakafu yake na lina uzito unaobebwa na lililo chini yake. Kwa hiyo keki ya ghorofa tatu yaweza kuwa na matabaka tisa, na hakuna atakayechanganyikiwa. Je, ngazi tuitupe? La. Katika kumbi zetu uko mtindo wa kuziweka keki kadhaa kila moja juu ya kishikizo chake cha chuma, moja chini, nyingine juu kidogo, nyingine juu zaidi, bila hata moja kuigusa mwenziwe. Hizo hazikupandana, zimepangwa kama vidato. Keki ya ngazi ndilo jina linalostahili mpangilio huo. Hivyo maneno matatu yaliyokuwa yakigombana yanapata kila moja kazi yake, wala hatukulazimika kubuni neno jipya hata moja.

Faida ya kulichagua ghorofa haiishii hapo, kwa kuwa neno likitoka katika ujenzi huja na ndugu zake. Keki za kale za Uingereza zilikuwa ngumu na nzito, za zabibu na viungo, nazo zilifunikwa kwa sukari iliyokauka kama chokaa. Juu ya sukari ya namna hiyo nguzo ziliweza kusimama zikabeba keki ya pili na ya tatu. Keki ya harusi ya Elizabeth wa Uingereza mwaka 1947 ilikuwa na ghorofa 4, urefu wa futi 9 na uzito wa takriban ratili 500. Leo watu wengi hupenda keki laini iliyopakwa krimu, na keki laini haibebi kitu. Kwa hiyo mpambaji huchoma vijiti ndani ya ghorofa la chini, akavikata vilingane na uso wa keki, na kila ghorofa hukaa juu ya kibao chake chembamba, kibao kikakaa juu ya vijiti vile. Macho hayavioni, lakini ndivyo vinavyoibeba kazi yote. Muswada unaviita "nguzo" vijiti hivi, na unaziita "nguzo" pia zile za nje zinazoonekana. Mwanafunzi akiambiwa atoe nguzo kabla ya kukata keki, atatoa zipi? Zile za nje ziitwe nguzo, na vile vya ndani viitwe mihimili. Mhimili ni kitu kinachotegemeza uzito, na hakuna anayeutazamia uwe pambo.

Katika fungu la kupaka na kufunika, muswada umekwenda katika upande wa pili wa kosa. Badala ya kufasiri neno kwa neno, umetohoa kila kitu: aisingi, frostingi, koti, fondanti, ganashi. Hatuna ugomvi na utohozi kwa jumla. Aisingi lenyewe tunalikubali, maana limo vinywani mwa wapishi, linatamkika, na kulibadili kuwa "sukari ya kupambia" kunaleta utata na ile sukari ya unga ambayo bado iko katika pakiti. Sukari ya unga ni malighafi. Aisingi ni kitu kilichokwisha changanywa. Tofauti hiyo yafaa ishikwe. Lakini mfasiri anapotohoa majina ya aina zote za aisingi, mwanafunzi hupokea orodha ya sauti tano ambazo hazimwambii lolote juu ya kazi ya mkono wake. Nasi twaamini kwamba katika ufundi, istilahi njema ni ile inayomwambia mwanafunzi mkono ufanye nini.

Tulikaa asubuhi nzima katika karakana ya yule mama tuliyemtaja, tukayaandika maneno yake alipokuwa akifanya kazi na kumwelekeza msaidizi wake. Hakutumia hata mara moja neno "koti". Alipopaka krimu mara ya kwanza, nyembamba, ili kuzikamata chembechembe za keki zisije zikaonekana juu, alisema "paka kwanza". Alipopaka mara ya pili, krimu nyingi, akailainisha kwa mwiko bapa huku keki ikizungushwa juu ya kisahani chake, alisema "sasa siliba". Alipolitandaza donge la fondanti kwa mpini wa kusukumia chapati, akalinyanyua kwa mikono miwili na kulilaza juu ya keki likaifunika yote mpaka chini, alisema "ivike". Na alipolichukua donge jingine, gumu zaidi, akalifanya petali mojamoja kwa vidole mpaka likawa waridi, alisema "hili la kufinyanga". Kupaka, kusiliba, kuvika, kufinyanga. Kitenzi kimoja ni cha kila mtu, cha pili ni cha mwashi anayesiliba ukuta, cha tatu ni cha wanaomvika bibi harusi, cha nne ni cha mfinyanzi. Mama yule hakuwa akifanya ushairi. Alikuwa akiharakisha, kwani gari la kuichukua keki lilikuwa njiani.

Kutokana na vitenzi hivyo istilahi zajiunda zenyewe. Aisingi ya siagi ndiyo ile ya kusiliba. Aisingi ya kuvika ni fondanti. Aisingi ya kufinyanga ni ile inayotiwa gundi ya kuliwa ili ikauke upesi na petali zake zisilegee. Inabaki ile ya Waingereza ya ute wa yai, sukari ya unga na ndimu, ambayo hukauka ikawa ngumu. Muswada unaiita "sukari ya kifalme", kwa kufuata jina lake la Kiingereza, ambalo watu hulihusisha na keki ya Malkia Victoria ya mwaka 1840. Mwanafunzi wa leo anafaidi nini kwa kuambiwa habari za ufalme? Akiambiwa aisingi ya ute atajua papo hapo kwamba lazima awe na mayai, kwamba atatumia ute tu, na kwamba kiini akiweke kando kwa kazi nyingine. Afisa wa afya naye atajua kwamba ndani ya kitu hiki mna yai bichi, isipokuwa kama mpishi ametumia unga wa ute uliotengenezwa viwandani. Jina la kifalme lilimficha mwanafunzi na afisa habari hizo zote.

Katika kukamua tutapita haraka. Muswada unasema "mfuko wa bomba" na "kupiga bomba", maneno ambayo fundi wa maji peke yake ndiye atakayeyafurahia. Krimu hukamuliwa. Mfuko ni mfuko wa kukamulia, na kile kichuma cha ncha ni mdomo: mdomo wa nyota, mdomo wa jani, mdomo wa duara. Pale mkono unapotoa uzi mwembamba wa kuandika jina au kuzungusha ua, yafaa tuseme kuchora, kama wasemavyo wachoraji wa hina wanaotumia koni. Kwa hakika binti aliyezoea kuchora hina kwa koni atajifunza kazi hii kwa siku chache, kwa maana shinikizo la vidole ni lilelile.

Fungu la mapambo ndilo lililotusikitisha zaidi, kwa sababu ndilo lugha yetu ilipo tajiri. Kuna kazi ya kukamua nakshi juu ya nakshi, safu juu ya safu, mpaka ukingo wa keki unakuwa kama mlango uliochongwa. Kazi hiyo ilielezwa kwa urefu na Joseph Lambeth katika kitabu chake cha mwaka 1934, na hata leo hujulikana kwa jina lake. Muswada unasema tu "mapambo ya Lambeth". Jina la mtu lisifutwe, lakini mtu wa Lamu au wa Unguja akiambiwa "nakshi za kupandishana" ataona picha kabla hujamaliza kusema. Ile sukari inayotengenezwa kama kitambaa chenye matundu imeitwa "lesi ya sukari", ilhali tunalo neno kimia. Ule mstari unaozunguka chini, mahali keki inapokutana na ubao, umeitwa "mpaka", kana kwamba ni wa nchi mbili; washonaji wangesema pindo. Kazi ya nyuzi nyembamba inayoigiza ushoni wa nguo ya bibi harusi ni almaria au darizi. Mpambaji hupewa picha ya gauni na kuambiwa aitoe nakshi yake juu ya keki. Basi ingekuwa ajabu iwapo maneno ya gauni yangekataliwa kuingia jikoni.

Hapa pana jambo moja la kumtetea mfasiri. Huenda aliogopa kwamba maneno kama kimia na almaria hayajulikani bara. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Lakini mwanafunzi wa bara halijui neno la kigeni pia, na kati ya maneno mawili ambayo yote atafundishwa, bora afundishwe lile ambalo atalikuta tena katika kamusi, katika tenzi na katika duka la vitambaa.

Tumeliacha kwa makusudi kosa moja mpaka hapa, kwani halifanani na mengine. Wapambaji hutumia unga laini sana unaong'aa, wa rangi ya dhahabu, fedha au lulu, kuupaka juu ya maua na pindo. Baadhi ya unga huo ni chakula: umetengenezwa uliwe. Mwingine umetengenezwa kwa ajili ya mapambo yasiyoliwa, na juu ya kichupa chake huandikwa kwa Kiingereza kwamba hauna sumu, au kwamba ni wa pambo tu. Muswada, katika sehemu tatu, umeyafasiri maelezo yote mawili kwa neno moja: "unaolika".

Wasomaji watuwie radhi tukikaa kidogo juu ya neno hili. Mwaka 2021 kituo cha Marekani cha kudhibiti na kuzuia magonjwa kilichapisha taarifa ya matukio mawili. Katika jimbo la Rhode Island, mwaka 2018, watoto 6 waliugua kwa kutapika na kuharisha baada ya kula keki ya sikukuu ya kuzaliwa iliyopakwa unga wa kung'aa kwa wingi. Uchunguzi ulionyesha kwamba unga ule ulikuwa shaba nyekundu iliyosagwa. Katika jimbo la Missouri, mwaka 2019, mtoto wa mwaka mmoja alikutwa na madini ya risasi mengi katika damu yake, na chanzo kikaonekana kuwa ni unga wa rangi uliopamba keki yake. Taarifa ile ilionya waziwazi kwamba maandishi ya kusema kitu hakina sumu hayana maana kwamba kitu hicho ni salama kuliwa. Sasa kama wasomaji wa Kiingereza, wenye kichupa mkononi, waliweza kupotoka, seuze mwanafunzi wetu ambaye mfasiri amekwisha mwambia kwamba "unalika"?

Sarufi yetu yenyewe inatuonya. Kauli ya kutendeka husema habari ya uwezekano: mlango unafungika, njia inapitika, chakula kinalika. Hata chaki italika ukishurutishwa. Kauli hiyo haisemi kitu kilikusudiwa nini. Anayeandika lebo au somo hana budi kuiacha na kusema "wa kuliwa" kwa ule ulio chakula, na "wa pambo tu, usiliwe" kwa ule usio chakula. Maneno "hauna sumu" yakikutwa katika asili yafasiriwe hivyohivyo yalivyo, lakini mfasiri asithubutu kuyageuza kuwa ruhusa ya kula. Tungependa maafisa wanaoidhinisha lebo za bidhaa ziingiazo nchini walitazame jambo hili kabla ya sisi watu wa istilahi kumaliza majadiliano yetu.

Katika jamaa ya kosa hilohilo limo neno "keki ya matunda". Msomaji wa kawaida atawaza embe na nanasi. Kumbe yanayokusudiwa ni zabibu na matunda mengine yaliyokaushwa, ambayo kwa desturi ya Kiingereza hulowekwa katika pombe kali kwa siku nyingi ili keki idumu. Familia ya Kiislamu inayoagiza "keki ya matunda" yaweza kulishwa ilichokikataa, na mpishi akaapa kwamba hakuficha kitu. Keki ya zabibu ni jina la kweli zaidi, na kama imelowekwa katika pombe, iandikwe. Fondanti nayo, aghalabu huwa na jelatini, na jelatini yaweza kutoka katika ngozi na mifupa ya ng'ombe, ya nguruwe au katika samaki. Hatudai kwamba istilahi moja ibebe habari zote hizo. Tunadai kwamba kitabu cha kufundishia, kinapotaja aisingi ya kuvika kwa mara ya kwanza, kiseme imetokana na nini, maana jina la kutohoa halitasema.

Yako majina mawili ambayo bado yanatupa shida. La kwanza ni la mtindo wa miaka ya karibuni wa kuiacha keki bila kuisiliba pembeni, matabaka yakaonekana. Muswada unaiita "keki uchi". Mwalimu mmoja tuliyemsomea alituambia kwamba hatalitamka mbele ya darasa, na mama mkwe wake hatalitamka mbele ya wageni. Tunaafiki. Keki isiyosilibwa ni jina refu kidogo, lakini halimtoi mtu jasho. La pili ni lile ghorofa la povu gumu au la boksi, lililovikwa aisingi na kupambwa kama mengine, linaloongezwa ili keki ionekane kubwa bila gharama ya kuioka yote. Muswada unaliita "keki ghushi". Ghushi ni hila, na hapa hakuna hila iwapo mteja ameambiwa. Kumwandikia mpishi mwaminifu kwamba ameuza ghorofa ghushi ni kumchongea. Bandia limekuwa na harufu hiyohiyo tangu lilipoanza kutumiwa kwa dawa na noti. Tulifikiri juu ya ghorofa tupu, yule mama akatujibu kwamba mteja atadhani halikupambwa. Tulifikiri juu ya ghorofa la umbo, naye akasema si baya, lakini msaidizi wake hakuelewa mpaka alipoelezwa.

Wapishi, walimu na wafasiri walio na neno la kitu hiki, liwe la pwani au la bara, waliandikie Baraza, pamoja na sentensi moja iliyosikika ikisemwa jikoni.